Ayuma na Birika la Maua ya Buluu

Ayuma hakuwa mtu wa kuamini. Ukimwambia mvua itanyesha, angetoka nje kwanza aangalie mbingu, kisha akuangalie wewe, aone mvua hiyo ina faida gani kwako. Tuliishi ukuta kwa ukuta katika nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, mtaani Shauri Moyo, yeye na chumba chake, mimi na changu, na bomba moja la maji tuliloligombania kila asubuhi. Jina langu ni Waruguru, lakini pale ploti niliitwa Mama Kui kwa sababu ya mtoto wangu wa kwanza. Yeye aliitwa Mama Mideva. Mideva mwenyewe alikuwa amefukuzwa nyumbani na mama huyo huyo, lakini jina la mtoto haliondoki kwa sababu mtoto ameondoka.

Nianze na hilo la Mideva, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Msichana alipendana na kijana mmoja aliyeitwa Ng'ang'a, Mkikuyu kama mimi, si Mluhya kama wao, akaenda kuishi naye bila mahari na bila kuaga. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, siku ambazo watu walikuwa wakiulizana kwenu ni wapi kabla hawajasalimiana. Ayuma alisema mtoto wake amelishwa kitu. Alisema hivyo huku ameshika kikombe cha chumvi aliyotoka kuiazima kwangu, nikamtazama tu. Mideva alipokuja siku moja kuomba radhi, Ayuma alimfungia mlango, akaapa mbele ya ploti nzima kwamba yeyote atakayekanyaga kwa huyo msichana asirudi kwake. Tangu siku ile jina hilo halikutajwa mle ndani. Tulilitaja sisi majirani tu, kila tulipomwita yeye.

Mumewe, Javan, alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, katika vibanda vya jua kali hapo karibu na soko la Gikomba. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kupiga nyundo kutwa na kurudi jioni bila neno. Sasa mtu wa aina hiyo, akiwa na mke kama Ayuma, atashukiwa tu. Kimya cha Javan kilisomwa mle ndani kama gazeti, tena gazeti la habari mbaya.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na tano Javan alirudi jioni na kitu alichokifunga kwa magazeti. Nilikuwa kwa Ayuma, tumekaa tunachambua maharagwe. Alikifungua juu ya meza, akitoa karatasi moja moja kama mtu anayemvua mtoto nguo. Lilikuwa birika la kauri, jeupe, lenye maua ya buluu tumboni, kifuniko chake kimemeguka kidogo pembeni. Lilikuwa limevishwa kofia ya sufu ya kijani. Pamoja nalo palikuwa na mfuko mdogo wa majani ya chai.

Nieleze chai yetu ilivyokuwa. Maji, maziwa, majani na sukari, vyote katika sufuria moja, ichemke mpaka ipande, uishushe, ipande tena, uichuje, uitie kwenye chupa. Majani yenyewe ni yale ya pakiti, laini kama mchanga. Hiyo ndiyo chai. Ile isiyo na maziwa tuliiita strungi, na ukimpa mgeni strungi, atakwenda kusema kwamba kwako mambo yamekwama.

Javan hakugusa sufuria. Alichemsha maji matupu kwenye stovu, akamimina kidogo ndani ya birika, akalizungusha lipate joto, akayamwaga. Akatia majani kwa vidole, maji yakafuata, akafunika, akalivisha kofia yake, akakaa kusubiri. Alisubiri kwa raha, mikono juu ya magoti, kama mzee wa kanisa anayengoja wimbo uanze. Alipomimina, chai ilitoka nyekundu, unaona hadi chini ya kikombe. Maziwa yaliwekwa kando katika gilasi, mwenye kutaka atie mwenyewe.

Mimi nilikunywa. Sina aibu, kitu kizuri hakinipiti. Harufu ilinifikia kabla ya chai yenyewe, harufu ya majani mabichi yaliyonyeshewa, na ulimi ukabaki umechangamka muda mrefu. Nilikuwa sijui kwamba chai ina ladha yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekunywa maziwa yaliyopakwa rangi. Niliomba kikombe cha pili, Javan akatabasamu, na mimi sikuwa nimewahi kuona meno ya Javan.

Ayuma hakugusa chake.

"Umetoa wapi hii kitu?" aliuliza.

"Nimepewa na mteja."

"Mteja gani?"

"Wa sanduku."

"Mteja wa sanduku anakupa birika?"

"Alikuwa nazo mbili."

Ayuma aliinua kofia ya sufu kwa vidole viwili, akaigeuza ndani na nje. "Na hii, alifuma yeye mwenyewe huyo mteja?"

Javan aliinamia kikombe chake. Mwanamume hafumi kofia ya birika, hata yeye alilijua hilo. Nilichukua maharagwe yangu nikaaga, ila nikatega sikio ukutani. Hawakuzungumza tena.

Kuanzia siku ile mambo yalizidi. Kila jioni Javan alirudi, akanawa, akachemsha maji yake, akalipasha birika joto, akasubiri. Kisha alimmiminia Ayuma kikombe, akakisogeza mbele yake, akamtazama. Ayuma alisema tumbo linamsumbua. Kesho yake akasema ameshakunywa. Siku nyingine alingoja mumewe ageuke, akaimwaga chai kwenye karai la nguo. Javan hakukasirika. Alichukua kikombe, akakiosha, akakipangusa, akakirudisha mahali pake.

"Mama Kui," Ayuma aliniambia kwenye bomba, sauti chini, "kwa nini ananibembeleza ninywe? Mtu anakunywa chai yake, anamaliza. Yeye ananiangalia mdomoni."

"Labda anataka uipende."

"Kwa nini nipende? Nani amemtuma?"

Nakubali kwamba hata mimi nilianza kuwashwa na maswali. Yale macho ya Javan niliyaona mwenyewe. Alikuwa kama mtu mwenye neno kooni anayeogopa kulitoa. Tena kila Jumamosi aliondoka saa sita mchana akiwa amevaa shati la kanisani, akarudi jioni ametulia, anaimba kwa pua.

Kilichomvunja Ayuma kabisa ni yale majani. Aliniita asubuhi moja kama nyumba inaungua. Alikuwa amemwaga masalio ya birika kwenye sahani, ameyatandaza kwa kijiko.

"Angalia. Jana haya yalikuwa vijiti. Vyeusi, vimejikunja kama kucha. Angalia sasa."

Nikaangalia. Yalikuwa yamefunguka. Yalikuwa majani kamili, mapana, yana mishipa, moja bado limeshikilia kijiti chake. Nchi hii inauza chai dunia nzima, na sisi wawili, watu wazima wenye watoto, tulikuwa hatujawahi kuona jani zima la chai ndani ya nyumba. Kwetu Kinangop ni viazi. Kwao Ayuma ni mahindi na ndizi. Tulichojua ni mchanga wa pakiti, na mchanga haujifungui.

"Hii si majani ya duka," Ayuma alisema. "Hii imechumwa mahali."

Alikwenda kumwita Khavere, kiongozi wa akina mama wa maombi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba sukari. Khavere alinusa sahani, akafumba macho, akanusa tena.

"Ni dawa," alisema. "Ya kumtuliza mwanamume. Wanaikausha, ukitia maji inaamka. Amekuwa mpole?"

"Sana," Ayuma alijibu.

Nikasema Javan alikuwa mpole tangu nimfahamu. Hakuna aliyenisikiliza.

"Anafanya kazi za nyumba?"

"Anaosha kikombe. Tena anakipangusa."

Khavere alitikisa kichwa kwa huzuni, na mimi, Mungu anisamehe, nilisogea mbali na ile sahani. Mwanamume mzima wa Shauri Moyo kuosha kikombe bila kuambiwa! Hata aliyesoma angeanza kufikiri.

Khavere alipoondoka, Ayuma aliketi kitandani akashika kichwa. Nilimzoea akiwa amekunja uso, lakini kulia sikuwa nimemzoea. "Yule mwingine alilishwa hivi hivi, akaenda," alisema. "Nilidhani nimeona, kumbe nilichelewa. Sasa na huyu anaenda nikimwangalia. Akienda huyu nabaki na nani, Mama Kui? Nabaki na kuta?" Nilimshika mkono. Nilimhurumia kweli, ingawa ningemkumbusha kwamba yule mwingine hakwenda tu, alifungiwa mlango. Niliyameza maneno hayo, haukuwa wakati wake.

Siku ya Ijumaa tulikwenda vibandani, tukijifanya tunatafuta bati la kuzibia dirisha. Javan alikuwa amekwenda kununua misumari. Tulimkuta Andati, kijana anayefanya kazi kibanda kimoja naye, mtu mwenye mdomo usio na mlango.

"Sasa mathe," alisema, maana kwake kila mama ni mathe na kila mzee ni buda. "Buda ametoka kidogo."

"Kesho atakuwa wapi?" Ayuma aliuliza, anajifanya anakagua bati.

"Kesho? Si Jumamosi? Jumamosi buda huwa mtaani Fedha. Hata mi nilimsaidia kubeba sanduku siku moja, ile keja iko nyuma ya kinyozi, mlango ya kijani. Kuna dem huko, mathe, msichana msupa tu. Anampenda huyo mzee! Anamtengenezea chai kwa birika, wanakaa hivyo wakipiga stori mpaka jioni." Ndipo akaona uso wa Ayuma. Nyundo ikabaki hewani. "Ama nimechoma, nimesema mbaya?"

Ayuma aliliacha bati lianguke. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani bila kugeuka, na mimi nikahema nyuma yake.

Jumamosi Javan alivaa shati lake, akaondoka. Hakuwa amefika barabarani Khavere akaingia na Biblia. Aliomba kwa sauti, akaizunguka meza, akaamuru kitu kile kitoke ndani ya nyumba na kisirudi kwa umbo lile. Nilitaka kusema kama ni hivyo basi nipewe mimi, nitaombewa baadaye, lakini hapakuwa na nafasi. Ayuma alilibeba birika hadi nyuma ya bafu, akalilaza juu ya jiwe, akalipiga kwa nyundo ya mumewe. Lilipasuka kwa sauti ndogo, tofauti na nilivyotarajia. Majani aliyamwaga mtaroni na ile kofia akaitumbukiza jikoni kwenye makaa. Niliumia, nasema wazi. Kitu kizuri kilikuwa kimevunjwa mbele yangu na nilikuwa nimesimama tu na kikapu mkononi.

Khavere alisema miguu yake haiwezi safari. Kwa hiyo Fedha tulikwenda wawili. Njia nzima Ayuma alikuwa akitengeneza maneno, midomo inakwenda, mara anarudia neno, mara analibadilisha kwa lililo kali zaidi. Mimi nilikwenda kama shahidi, ndivyo alivyoniambia. Ukweli ni kwamba hata nisingeitwa ningekwenda.

Tulimwona kinyozi, tukapita nyuma yake. Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, na ndani mtu alikuwa akicheka. Alikuwa Javan. Ayuma alisimama. Miaka yote ya ndoa yao, na mimi ukutani, sikuwahi kusikia kicheko kile, kirefu, cha mtu asiye na wasiwasi. Nadhani hicho ndicho kilichomchoma kuliko chai. Aliupiga mlango kwa kiganja, akaita wafungue, na komeo lilipovutwa tu, akayamwaga yote aliyotoka nayo Shauri Moyo.

"Mchawi wewe! Umemlisha mume wangu! Majani yako nimeyatupa mtaroni, na birika lako nimelivunja kwa nyundo, na leo utaniambia ni mganga gani aliyekupa! Malaya wa—"

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Aliyesimama pale, mikono ina maji, alikuwa Mideva.

Nilimwona vizuri kuliko mama yake, maana mimi sikuwa na hotuba. Msichana alikuwa ameitambua sauti. Alikuja mlangoni akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa bado liko usoni wakati maneno yalipomfikia. Halikuondoka mara moja. Liligoma kwanza, likazimika upande mmoja, kisha wote. Majirani wa Fedha walikuwa wameshatoka nje, mmoja hata na mwiko.

"Ingieni," Mideva alisema.

Tuliingia, tungefanya nini. Javan alikuwa amesimama, kikombe mkononi, hajui akiweke wapi. Juu ya meza palikuwa na birika la kauri, jeupe, la maua ya buluu, pacha wa lile la nyuma ya bafu. Ayuma aliliangalia, akamwangalia mumewe, akamwangalia binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na swali.

Mideva ndiye aliyeongea, polepole, kama anayemweleza mtu mgeni njia. Ng'ang'a alikuwa akifanya kazi katika ghala la chai, Industrial Area, la chai inayokwenda ng'ambo. Ile inayobaki baada ya kuonjwa, wafanyakazi hupewa. Mwenye ghala alipohama nyumba aliuza vyombo vyake, Ng'ang'a akanunua mabirika mawili. "Moja nikakutumia wewe," alisema. "Kofia nilifuma mimi. Baba alisema umelipenda. Kila Jumamosi nikimuuliza, ananiambia mnakunywa pamoja jioni, wewe na yeye, na kwamba umeanza kuniulizia."

Ayuma aligeuka. "Javan?"

"Nilitaka unywe kwanza," Javan alisema. Alikuwa amechoka tu. "Ungekunywa ukaipenda, ningekwambia imetoka kwa nani. Ningekwambia kabla, ungekunywa?"

Mimi niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa na hasira na wote, na Javan zaidi kuliko wote, kwa kuwadanganya watu wawili kwa upole namna ile. Lakini nilipofikiri ningefanya nini kama ningekuwa yeye, nikaona nami ningeongopa.

"Sikujua ni wewe," Ayuma alisema hatimaye.

"Nimesikia."

"Ningejua..."

"Kaa, Mama."

Ayuma alikaa pembeni mwa kiti. Mideva alikwenda kuchemsha maji mengine. Alilipasha birika joto, akatia majani, akafunika, akasubiri, mikono juu ya magoti, kama baba yake. Chumba kizima kilisubiri naye. Alipomimina, harufu ile ile ilijaa, na nikaona aibu kwamba mate yalinijaa mdomoni wakati kama ule.

Alichukua kikombe cha mama yake. Kabla ya kumpa, alikiinua, akanywa fundo moja, akameza mbele yetu. Kisha akapangusa ukingo kwa kitambaa safi, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Hili nalo kila mtu wa ploti zetu analijua, awe Mluhya au Mkikuyu. Humwonjei mtu wa nyumba yako. Unamwonjea mgeni, yule unayejua anakushuku, ili aone kwamba ndani hamna kitu. Sijawahi kuona mtoto akimwonjea mama yake mzazi, na sitaki kuona tena.

Ayuma hakukipokea. Uso wake ulikuwa umevunjika. "Mideva," alisema, "mimi ni mama yako."

"Najua, Mama. Na nakujua, ndiyo maana nimeonja."

Mikono ya Mideva ilikuwa bado imenyooka, na chai ilikuwa ikifuka moshi katikati yao. Ayuma alikipokea kikombe, akanywa chote pale pale, bila kupuliza.